Jaketi la Tarehe Kumi

Nililisainia Novemba ishirini,
jaketi la njano, mistari ya kung'aa,
namba kumi na tisa mgongoni.
Chini ya sahihi yangu karani akaandika:
lirudishwe Januari kumi, likiwa safi.
Mimi sikuandikiwa nirudishwe wapi.

Friji, makabati, magodoro, majiko ya gesi,
kutoka ghala la Nyakato hadi popote penye mlango.
Bwire, dereva, hashuki garini.
"Mimi nina magurudumu," husema, "nyinyi mna magoti."
Mwenzangu Lugata alikuwa na mwaka wa tisa,
mtu wa kudumu, kitambulisho kifuani,
ana bima, ana likizo, ana haki ya kuugua.

Mji huu umekaa juu ya mawe.
Kenta huishia pale lami inapokata tamaa,
baada ya hapo ni mabega.
Bugarika tulipandisha friji ngazi mia na nne,
nikihesabu kimoyomoyo kwa Kisukuma
ili miguu isisikie.
"Usiinue kwa mgongo," Lugata alinifunza.
"Chuchumaa. Kumbatia. Simama,
kama unamwinua mtoto aliyelala."

Nikanunua daftari la shilingi mia tano,
maana huku nyumba hazina namba, zina maelezo:

Mabatini, geti la bluu. Kengele mbovu, gonga dirisha la jikoni.
Igogo, kwa Mama Nyanzala. Pita uani, mbele friji haipenyi.
Kwenda Kamanga, funika godoro kwa nailoni. Ziwa linatema mate.
Pasiansi. Mbwa mkali. Subiri.

Bwire alicheka hadi akapiga honi bila kukusudia.
"Kibarua wa siku hamsini anaandika historia!"

Desemba ishirini na nane, mawe ya Igogo,
kabati la milango mitatu, mimi juu, yeye chini.
Sikusikia kishindo.
Nilisikia kimya, kisha sauti ndogo
kama ya mtu aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani:
"Nkwabi, shusha. Shusha sasa."
Haki yake ya kuugua ikaanza saa ile.

Usiku wa tarehe tisa nilifua jaketi.
Asubuhi lilikuwa bado bichi makwapani.
Bi. Minza, msimamizi, hakulipokea.
Mezani kwake palikuwa na daftari langu.
(Bwire. Yule yule aliyecheka.)
"Hii 'subiri' ya Pasiansi, mnasubiri nini?"
"Mwenye mbwa amalize kusali."
Akafunga daftari taratibu.
"Miezi mitatu ya majaribio, halafu barua ya kudumu."
"Nafasi ya nani?" niliuliza, nikijua.
Akatazama dirishani, malori yakipakiwa.
"Ya kazi. Nafasi ni ya kazi."

Nilitaka kusema neno kuhusu Lugata.
Nilisaini kwanza.

Jumapili nikaenda kwake Mkolani,
sukari kilo mbili, sato wawili,
na maneno niliyoyapanga njia nzima,
yakaniishia kizingitini.
Alilala chali sakafuni, kwenye godoro gumu
ambalo huenda tulilibeba pamoja.
Hakuuliza. Habari njema hutangulia mbio
pale inapomuuma mtu.
Alinyosha mkono tu: "Lete hilo daftari."

Akavaa miwani ya mkewe,
akasoma kama mwalimu aliyenyimwa chai,
akakata mstari mmoja kwa nguvu.
"Mbwa wa Pasiansi si mkali. Nani kakudanganya?"
Akaandika, mwandiko wa kulala chali,
unaopanda kama njia za Bugarika:
Anaitwa Bosi. Mwite jina lake.

Kisha hakuacha.
Ukurasa, ukurasa, miaka tisa ya milango,
nani hulipa akisifiwa mapazia,
jiwe gani huteleza hata kiangazi.
Lile la Igogo aliliandika mara mbili.
Chai ikapoa. Kalamu yake ikakauka katikati ya neno.

Nikampa yangu,
ile ya ofisini,
niliyosahau kuirudisha.