Daftari la Maziwang'ombe

Kijiji chaitwa Maziwang'ombe
na chai yake ni ya rangi.
Nimezaliwa hapa, hucheka mimi kwanza
kabla hajacheka mgeni.

Kila Jumatatu nalifunga daftari kwa mpira,
jalada la buluu, pembe zimeliwa na panya,
natoka na utepe wa kupimia mikono
na boksi la vipakiti:
unga usio harufu, gramu moja,
chuma, zinki, vitamini A,
na mengine niliyofundishwa siku tatu kule Wete
nikayakariri kama alifu be te.

Kimoja kwa siku.
Kwenye uji uliopoa.
Usimgawie mwengine.
Hayo nayasema hata usingizini,
mume wangu keshazowea.

Nyumba ya Bikombo iko juu ya mawe,
pale muhogo unapoota mwembamba
kama unaomba radhi.
Jumatatu hiyo maji yalikupwa mapema,
mwenyewe yuko pwani anafunga mwani kambani.
Mwani wetu huenda mbali. Nasikia
hutiwa ndani ya dawa za meno na malai za watu.
Pweza naye hupita hapa juu ya baiskeli kwenda hotelini,
hata mnyiri mmoja haubaki.

Nikamkuta Mchanga na bibi yake.
Miezi kumi na minane,
nywele rangi ya makumbi.
Nikauzungusha utepe mkononi:
manjano.
Mwezi uliopita: manjano.

"Kala?"
"Kala."
"Vyote?"
Bibi akamwaga mfuko mkekani, tukahesabu pamoja,
vipakiti vitupu thelathini, vimeoshwa, vimekunjwa
kama noti za sikukuu.
"Ila choo chake kimekuwa cheusi," akasema,
"nikadhani kuna mtu katutenda."
Nikamwambia ni chuma tu, bibi, hakidhuru.
"Chuma ndani ya mtoto," akasema,
"na wewe waniambia hakidhuru."

Bikombo akafika, kanga inachuruzika.
Nikamuuliza yale yale.
Akasugua chumvi iliyogandia vifundoni,
akasugua hata palipokwisha kutakata.
"Sufuria ni moja, Mize.
Nna Time wa miaka minne, nna Khatibu wa saba.
Nimtilie huyu, wale wanitazame?
Nakimimina kwenye sufuria, nakoroga,
nasoma bismillahi, nagawa."

Gramu moja, watu watatu.

Jibu nilikuwa nalo. Nilifundishwa jibu.
Liko ukurasa wa tisa, chini ya picha
ya mama anayecheka, na mtoto mmoja.
Daftari langu hukoma kwenye miezi ishirini na tatu,
baada ya hapo mtoto hana mstari.
Khatibu alikuwa mlangoni na mkoba wa skuli,
magoti makubwa kuliko mapaja.
Jibu halikutoka.

Nikafunua ukurasa mwengine.
Asaa wa Shaame, miezi kumi na mitano.
Wazee wake wamehamia Unguja tangu mfungo mosi,
na vipakiti vyake vimo bado ndani ya boksi, thelathini,
vyangojea kurudishwa Wete kwa saini.

Nikaviweka mkekani.
Bikombo hakusema ahsante.
Alivitazama, akauliza,
"Na hivi vina jina la nani?"
"Koroga tu," nikamwambia.

Usiku nikaandika, kalamu inakata wino,
nikairudia herufi moja mara tatu.
Mkaguzi akija ataona:
Asaa, yupo. Anatumia. Mkono kijani.
Huko Unguja sijui anakula nini.
Hapa Maziwang'ombe, mstari wa kumi na saba,
anakula uji kila asubuhi
kwa vinywa viwili.