Dirisha la Tiketi

Miaka kumi na tisa anauza tiketi
kibandani, gati namba tatu, Hamburg:
saa nzima majini, euro ishirini na mbili,
watoto nusu, mbwa bure.
Wageni hurudi nywele timutimu,
vidole vinanuka samaki wa kwenye mkate,
wakisimulia meli ndefu kama mtaa.
Wiebke huitikia, "Ehee,"
naye ngazi ile hajaikanyaga.

Jumatatu, siku yake ya kupumzika,
kapanga foleni kwenye dirisha lake mwenyewe,
kalipa bei kamili.
Nahodha Detlev katoa mzaha wake wa kila safari;
leo ukamchekesha.
Kisha akageuka: kibanda kile,
kijisanduku cha kiberiti,
na kijana wa zamu kainamia chenji.
Akampungia.
Hakuinua macho.

Wangapi, basi,
waliwahi kumpungia yeye?