Tairi: Hakuna

Nilipokwenda kuhamisha jina la marehemu,
karani wa usajili alinitazama juu ya miwani.
"Mama, tairi ngapi?"
Hakuna.
Akaandika sufuri, akaifuta,
akauliza tena kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa.
Hakuna, baba. Lina minyororo miwili, mpira na chuma,
liliundwa litembee juu ya theluji.
Alicheka mpaka foleni nzima ikageuka.

Ndilo hilo, nyuma ya karakana yetu, Kariobangi,
kati ya choo na rundo la milango ya pikapu.
Wekundu wake umechujuka ukawa rangi ya ufizi.
Mulandi alilinunua mnadani
kwa bei ya ng'ombe wawili na ndama.
Kontena lilikuwa limekaa bandari kavu ya Embakasi miaka sita,
limepotea njia, mwenyewe hakutokea.
Wenzake waligombea friji na majenereta.
Yeye akainua mkono.
Nikamuuliza, hili tutalifanyia nini?
"Kwanza tulielewe," akasema.

Mwaka wa kumi na nane huu, bado nalielewa.

Spea hazipo. Hazijapata kuwapo.
Mkanda wa kushoto ulipokatika
niliuunga kwa kipande kutoka machimbo ya kokoto, Mlolongo,
ribiti mia moja na arobaini,
na ya mia na arobaini ikaondoka na ukucha wangu.
Meno ya kuumia barafu alinichongea fundi Ochola
kwa springi za lori lililokufa.
Kabureta naiosha kila Januari
kwa petroli na mswaki wa mtoto.
Kitabu chake kimeandikwa kwa lugha nisiyoijua hata jina;
nasoma picha tu: mshale, tone,
kidole kilichopigwa mkasi mwekundu.

Na hita.
Hita peke yake haijawahi kuharibika, wala haizimiki.
Januari nikilijaribu natoka ndani nimelowa
kama niliyebatizwa.
Lakini Julai, ukungu ukishuka hadi kwenye mabati
na vidole vikikataa spana,
watoto wa jirani huja na madaftari,
sita kwenye viti vya wanne,
wanagawanya na kuzidisha huku vioo vikitoa jasho.
Sitadanganya, mafuta ni ghali.
Nawapa dakika ishirini.

Wa vyuma chakavu hupita Alhamisi na mizani yake.
"Mama Syombua, tani na ushei hii, nalipa leo."
Njoo Alhamisi ijayo, namwambia.
Sijui nani kati yetu atachoka kwanza.
Zimekuwapo Alhamisi za karo
ambapo ulimi ulishafika kwenye ndiyo.

Mwaka jana, Aprili, saa kumi jioni,
mbingu ilipasuka ikamwaga mawe.
Mabati yakapiga mayowe,
na ua wetu, mafuta na matope yake yote,
ukawa mweupe kutoka geti hadi shimo la oili.
Mweupe!
Nilikimbia na karai kichwani.
Nikageuza ufunguo. Kimya.
Nikageuza tena, nikalitukana Kikamba,
nikaliomba radhi.
Mara ya tano injini ikakohoa, ikakumbuka.
Nikaachia klachi, tukasogea hatua kumi na mbili,
mimi na kiti kitupu cha Mulandi,
jino baada ya jino likiuma ardhi.
Nilipogeuka kutazama alama zetu
zilikuwa zimejaa maji,
na bata wa Ochola anakunywa.

Mwenyewe alisimama mlangoni, kikombe mkononi.
"Umechelewa dakika tatu," akasema.

Dakika tatu.
Usiku ule sikulala, nikizihesabu.
Asubuhi nilishuka Barabara ya Kirinyaga
nikanunua plagi mpya, nne,
na ya tano ya akiba.