Mashine ya Bogomir

Ijumaa, saa tano usiku, chini ya ofisi ya maji ya Maribor,
feni zinavuma kama watu wasiojua kunyamaza.
Barua ya leseni nimeikunja mfukoni:
bei mara tatu ya mwaka jana.
Mkurugenzi aliisoma, akavua miwani, akasema, "Tjaša, hama,"
kana kwamba mimi ndiye ninayelala humo.

Zilikuwa kumi na tisa. Kumi na nane zimeshavuka.
Imebaki hii ya Bogomir,
mashine pepe (pepe, si pepo,
ingawa Rozalija wa hesabu hushusha sauti akiitaja).
Haina bati, haina waya, haina hata msumari.
Ni faili moja linalojiota kompyuta,
na programu ya zamani huliitikia:
ndiyo, hii hapa diski yako,
ndiyo, hii hapa kadi yako ya mtandao.
Miaka kumi na minne ya ndiyo.

Bogomir aliandika humo hesabu za mita zote za ukingo wa Drava,
kisha akafa, Februari, akizoa theluji mlangoni pake.
Maelezo hakuacha. Aliacha nywila
kwenye kikaratasi cha njano, mwandiko umeinama kulia.

Mara ya kwanza nilikurupuka.
Nikaizima, nikainakili, nikaligeuza faili umbo,
nikaiamsha ugenini.
Ikafumbua jicho la buluu:
sioni diski.
Diski! Ndiyo yenyewe, na haijioni,
kwa kuwa mwenyeji mpya anaiita kwa jina jingine.

Kupotea njia ndiko kuijua,
ila saa saba usiku methali hazina joto.
Nikairudisha kwake, nikaiamsha palepale,
nikaipa viendeshi vya huko iendako,
kama mtu anayefundishwa kuomba maji kwa lugha ya watu
angali jikoni kwa mama yake.
Nikang'oa zana za mwenyeji wa kale,
zikang'oka shingo upande.
Anwani ya kadi yake, tarakimu kumi na mbili,
nikaiandika kiganjani kwa kalamu,
maana programu ya Bogomir huijua nyumba kwa kitasa:
kitasa kikibadilika, haifungui kazi.

Saa tisa na robo. Asilimia sitini na moja.
Nikala kipande cha keki ya jozi, ya Rozalija.
Asilimia sitini na moja.
Iko wapi sasa?
Kule imezimwa. Huku haijafika.

Bibi yangu alizaliwa mtaa huu, akafa mtaa huu,
na katikati akabadilishiwa nchi mara nne
bila kusogeza kiti.
Alisema bendera haimsumbui mtu,
kinachosumbua ni fomu.

Saa kumi na moja alfajiri nikabonyeza.
Weusi.
Weusi.
Mstari mmoja mweupe,
kisha picha aliyoiweka Bogomir: mbwa wake, majini hadi shingoni.
Saa yake ilikuwa nyuma kwa saa moja kamili, nikaisogeza.
Haikuuliza iko wapi.
Iliuliza nywila.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Jumatatu ikachapa ankara elfu nne mia moja na kumi na mbili
bila kukosea senti, na Rozalija akazihesabu mara mbili
kwa kidole kilicholowa mate.
Ile nakala ya zamani sijaifuta. Nimeizima tu.
Kila nikipeleka mkono, napata kazi nyingine.

Katika ankara hizo mojawapo ni ya mtaa wa juu,
nyumba yenye banda la mbwa, mita za ujazo saba.
Mjane hulipa kabla ya tarehe kumi.
Jina la mteja: Bogomir.
Nilikuwa na mwiko wa kutoacha data ya uongo.
Nikaitia kwenye bahasha, nikailamba gundi.