Daftari la Namba Kumi na Moja

Misimu kumi na mitatu, mechi mia mbili na sita,
mabao tisa.
Kadi za njano nne, nyekundu hakuna.
Nimeyaandika mwenyewe kwa biki ya bluu, mimi katibu wa klabu,
na mtu akiuliza Lwamba Kyembe alikuwa nani
nitamfungulia ukurasa, naye atasema: tisa tu?

Tisa tu.

Alitujia kutoka njia ya Kipushi na baiskeli ya makala,
magunia mawili nyuma, viatu vya mpira shingoni,
kamba zimefungwa pamoja kama kuku wa kuuzwa.
Kocha Ngandwe akamwambia: kimbia.
Akakimbia. Kocha akala karanga zote za mfukoni,
akasahau kumwambia asimame.

Winga wa kushoto ni mtu wa pembezoni.
Dakika ishirini nzima mpira uko ng'ambo ya pili
naye yuko peke yake na chokaa,
na watoto waliopanda ukuta, na mama wa vitumbua
aliyemjua kwa visigino kuliko kwa uso.
Anasubiri. Mikono kiunoni.
Kifusi cheusi cha mgodi kinamtazama juu ya mapaa ya Kamalondo,
bomba la moshi limesimama kama mwamuzi asiyepuliza.
Halafu sauti ukutani:
"Kyembe! Mupira iko nakuya!"
na mguu ule wa kushoto, uliokuwa umelala,
unaamka kabla yake.

Daftari langu halina safu ya hayo.
Halina safu ya mbio za kurudi:
mita sitini, mwezi wa kumi, jua la kupasua vichuguu,
kumfunika Musonda, beki aliyepanda mbele akasahau kwao.
Siku ile tulipocheza na watu wa Likasi
aliutoa mpira mstarini kwa paji la uso,
akagonga nguzo, akalala.
Niliandika: sifuri kwa sifuri.
Niliandika: mvua, dakika ya sabini.
Mwape, mkewe, aliifua jezi kwa majivu na kipande cha sabuni,
doa likabaki, rangi ya shaba,
akaivaa hivyo hivyo msimu mzima.

Mshahara? Katibu asiposema nani atasema.
Miezi mingine ulikuwa bahasha, miezi mingine ahadi,
mwezi mmoja ulikuwa gunia la unga na makayabu,
na wachezaji wote walitia saini kwamba wamepokea.
Ndola walimtaka. Tikiti ya basi ilikuwa tayari,
pasi ya kusafiria ina picha yake amekaza shingo.
Jumapili moja kabla, goti.
Hakuna aliyemgusa. Aligeuka tu kuufuata mpira
kama mtu aliyeitwa kwa jina,
goti likasema hapana.

Hilo nililiandika pia: kaumia.
Herufi sita.

Sasa Jumamosi alfajiri utamkuta uwanja wa Katuba
na ndoo ya chokaa na kopo lililotobolewa,
anachora mistari ya mechi za watoto.
Wa kulia anaupiga mara moja, umenyooka.
Wa kushoto anaupitia mara mbili, mara tatu, akichechemea,
hata unakuwa mnene kama kiganja,
na waamuzi hulalamika: mpira ukitua pale
hujui umetoka au bado uko ndani.

Jana nilichukua rula, nikapiga safu mpya pembeni mwa ukurasa.
Sijui niipe jina gani.
Nikamtuma mjukuu wangu akamwulize:
zile mbio za kurudi, zilikuwa ngapi?
Mtoto akarudi na chokaa hadi kwenye nyusi.
"Anasema yeye hakuhesabu," akaniambia.
"Anauliza kama wewe ulihesabu."