Gauni la Jumamosi

Nimelifumua kwa wembe, mshono kwa mshono,
maana ndivyo nilivyoagizwa: punguza kiunoni,
msichana mpya ni mwembamba.

Miaka kumi na mmoja ya Malkia wa Pamba
katika ukumbi huu wa Jinja wenye feni mbili,
moja inazunguka, ya pili inaitazama.
Kila Jumamosi Naigaga amekufa
juu ya magunia, mikononi mwa mchukuzi
aliyebadilishwa mara tatu
(mmoja aliokoka, mmoja alinenepa, wa tatu tunamdai).
Yeye hakubadilishwa.

Mimi mchezo ule sijauona kwa mbele.
Naujua kwa mgongo, kwa upande wa zipu,
kwa jasho linaloanzia shingoni wimbo wa tatu ukiingia,
kwa pumzi anayoivuta kabla ya neno "mizani"
mpaka kifungo cha pili kinaniomba uzi.

Na uzi hauna siri.
Huu mweusi ni wa mwaka wa kwanza, mweupe ulikuwa umekwisha dukani.
Hapa niliachia inchi mbili: Isabirye alikuwa tumboni,
na malkia akapanda magunia hadi mwezi wa saba
pasipo mtu wa safu ya mbele kushtuka.
Hapa nikabana. Nikabana zaidi mwaka ule
alipomzika mamaye Kaliro adhuhuri
na jioni akaja kufa kama kawaida,
na watu wakatoka wakisema, leo amecheza.
Ndani ya pindo nimekuta shilingi mia mbili,
pini moja, na tembe ya koo iliyoyeyuka
ikagandamana na kitambaa kama nta.

Alituambia Jumatano, mlango wa nyuma,
tukila chapati za mayai.
Hakuna aliyemkosea. Mshahara ni ule ule,
mdogo, walishazoeana.
Meneja Mugoya akataja magoti, akataja sauti,
akataja hata wivu wa watu wa Kampala.
Naigaga akafuta mafuta mdomoni:
"Nataka tu kujua Jumamosi jioni ikoje huko nje."

Tukacheka. Yeye akaendelea kutafuna.

Usiku wa mwisho nilingoja machozi,
nimetayarisha hata kitambaa.
Alivua, akakunja mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kulifanya,
taji la bati akalirudisha kwenye msumari wake,
akachukua kandambili na beseni lake la bluu.
Pikipiki ilikuwa inangoja.
Beseni ndilo nililoliona likipotea kuelekea Mpumudde.

Leo nimemfungia zipu Tibita wa Bugembe.
Vidole vyangu vimekwenda kwenye ndoano ambayo nimeing'oa mwenyewe
vikabaki hapo, kama mgeni aliyekosea nyumba.
"Fundi, kuna kitu kinanichoma ubavuni."
Kitalainika, nikamwambia.
Ni ule uzi mweusi. Wembe uliufikia, mimi nikaukwepesha.

Umeme ulikatika kwenye wimbo wa nne.
Msichana hakusimama; aliimba gizani,
juu, juu kuliko ulivyoandikwa,
na jenereta ilipokohoa ikawaka
nilimkuta mchukuzi analia kabla ya wakati wake.

Saa mbili na nusu simu ikatetemeka mfukoni, kati ya chaki na futi.
"Nimeiona," akasema.
Nini?
"Jumamosi jioni. Haina lolote, fundi.
Wadudu wa ziwani wamejaa kwenye taa,
jirani anawaita wanawe waoge, hawaendi.
Nimekaa tu barazani. Nimekaa na miguu yangu."
Kimya. Nikasikia mtoto akikimbia na maji yakimwagika.
"Amefika wapi?"
Amekwisha kufa.
"Mapema hivyo?"
Alikufa haraka kidogo, nikasema.
Magunia yalimteleza.
Akacheka, kile kicheko cha nyuma ya pazia,
kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini,
kama wamepiga makofi wakiwa wamekaa
ama wamesimama.