Kurasa Kumi na Nne

Dirisha la masjala lina tundu la duara,
chini mno, hivyo kila mwenye swali huinama.
Nikainama.
"Naomba nakala ya faili langu.
Ng'wasi Lutonja, wa Kirumba,
wodi ya akina mama, mwaka ule Mirongo ulipofurika."

Kijana hakuinua macho.
"Faili ni mali ya hospitali, mama. Halitoki."

Sikuja kulibeba, mwanangu.
Libaki na vumbi lake, na kamba yake ya katani.
Nimefuata maneno yaliyomo.

Mimi nauza dagaa pale Mwaloni,
nina daftari la mikopo.
Mdeni akija, hata yule mbishi wa Nyakato,
namfungulia ukurasa, namwelekeza kidole:
siku hii visado viwili, siku hii ulilipa nusu.
Nitamwambiaje deni ni lako, hesabu ni siri yangu?

Na mwili je?
Kisu kilipita hapa, chini ya kitovu.
Nililala mzima, nikaamka na nyuzi saba.
Nilipouliza, nesi akasema, "Shukuru umepona."
Nikashukuru. Miaka tisa nashukuru.
Miaka tisa mama mkwe ananichemshia mizizi,
nakunywa, chungu kama nyongo ya sato,
nangoja.

Jumanne wakasema njoo Alhamisi.
Alhamisi mwenye ufunguo yuko semina.
Nikaandika barua, nikaigongesha muhuri wa mtaa.
Wiki ya tatu, kijana yule yule
akapitisha karatasi chini ya kioo, bado za moto,
kurasa kumi na nne.
Safari hii alinitazama.
"Mama," akasema, "usisome ukiwa umesimama."

Nikasoma nimesimama.
Mwandiko wa daktari: dagaa waliomwagwa mchangani.
Lakini ukurasa wa tisa kaandika mtu mwingine,
muuguzi labda, herufi wima, Kiswahili cha shule:
Mfuko wa uzazi umeondolewa.
Na chini yake, kwa wino uleule:
Mgonjwa ataelezwa.

Ataelezwa.

Nikakaa kwenye ngazi, watu wakinipita na chupa za uji.
Sikulia; nilihesabu.
Miaka tisa, vikombe viwili kwa siku.

Leo jioni mizizi itachemka, itapoa.
Nitasogeza kibatari,
nitamfungulia mama mkwe ukurasa wa tisa,
nimwelekeze kidole.